Nani Atakijaza Chungu cha Tulinagwe?

Wapo watu wanaozaliwa na mkono, na Tulinagwe alikuwa mmoja wao. Wala msibishe, maana waliobisha wakati ule waliumbuka mchana kweupe, mbele ya kanisa zima, na mvua ikiwanyeshea.

Alizaliwa ufukweni, upande ule ambako milima inashuka moja kwa moja ziwani bila kuacha hata upana wa shamba. Wakisi wa pale hawalimi. Watalima wapi, juu ya mawe? Wanaume wanavua na kupiga makasia, wanawake wanafinyanga vyungu. Siku moja, alipokuwa bado hajang'oa meno ya utoto, bibi yake alimpa bonge la udongo acheze nalo asimsumbue. Mtoto akatoa kichungu cha mdomo mviringo, ukuta mwembamba sawasawa pande zote. Bibi akakigeuzageuza, akakigonga kwa ukucha, akakitegea sikio. Kisha akapiga kelele kuita majirani.

"Njoni muone! Huyu sijamfundisha mimi!"

Tangu siku ile mikono yake haikupumzika. Na alikuwa na jambo lake la ajabu: chungu kikiisha kukauka, kabla hakijaingia motoni, alikigonga kwa ukucha vilevile kama bibi yake na kusikiliza. Akisema "hiki kitapasuka," kinapasuka. Akisema "hiki hapana," kinatoka kizima, chekundu, na ukikigonga kinalia. Wenzake walikuwa wakipoteza vyungu vitatu katika kila kumi. Yeye alikuwa hapotezi hata kimoja. Wakamwuliza anafanyaje. "Sijui," alikuwa akijibu, na kweli alikuwa hajui.

Sasa, vyungu vya Wakisi vilikuwa na bei moja tu tangu enzi za mababu, na hata Mdachi alipoleta rupia zake hakuibadilisha: chungu kinanunuliwa kwa kujazwa. Mnyakyusa wa bondeni akikitaka, analeta mpunga, mahindi au maharage, anamimina mpaka ukingoni. Kikijaa, mwenye mtumbwi anapiga ukingo kwa kiganja na kupaza sauti: "Kimejaa! Chungu chako, nafaka yangu!" Hapo mambo yamekwisha. Hakuna kurudi nyuma, hata kama mnunuzi ni malafyale, chifu mwenye ng'ombe mia.

Aliyekuwa akipaza sauti hiyo kwa vyungu vya Tulinagwe ni mumewe, Hezroni, mtu mrefu, mcheshi, fundi wa kasia. Jembe alilijua kwa kuliona mikononi mwa watu wengine, akamshukuru Mungu kwa umbali huo. Walibatizwa pamoja, miaka ile Mdachi alipokuwa amekwisha kuliacha boma lake la ufukweni na kukimbilia baridi ya milimani. Siku hiyo ndipo mke akapewa jina hili la Tulinagwe, yaani Tuko Naye. Wakakaa miaka tisa bila mtoto, watu wakasema yote ya kusema. Mwaka wa kumi akazaliwa binti, wakamwita Anyitike, maana yake Ameniitikia. Furaha ya nyumba ile usiniulize!

Na furaha hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Kila mwaka, mpunga ukiisha kuvunwa, Wakristo wa Ngonga, Ngana, Ndandalo na wa huku ufukweni walikusanyika katika kanisa la Ngonga kumshukuru Mungu kwa mazao. Tulinagwe akaenda na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, moyo umejaa shukrani pomoni, na mikono mitupu. Mlangoni akakutana na Veronika wa Ndandalo, mkulima hodari, mwenye kikapu cha mpunga kichwani na ulimi usio na kifuniko.

"Karibu, dada! Wakisi leo mmetuletea nini? Au mmekuja kula vyetu kanisani kama mnavyokula vyetu nyumbani?"

Watu wakacheka. Tulinagwe naye akacheka, maana mtu atafanya nini? Lakini mkono mtupu haulambwi, na siku nzima aliificha mikono yake chini ya nguo iliyombeba mtoto. Alipewa mtoto baada ya miaka kumi, naye hakuwa na hata punje ya kumpa Mungu!

Utasema: si angepeleka chungu? Aa, wewe unasema hivyo leo. Kwake yeye zao lilikuwa kitu kinachoota. Chungu hakioti. Chungu ni tope lililopita motoni, kitu cha kubadilishana ufukweni, na nani mwenye akili timamu anampelekea Mungu tope? Wazo hilo halikumjia hata kwa bahati mbaya. Lililomjia ni jingine, nalo lilimwingia kichwani likakataa kutoka.

"Baba Anyitike," alimwambia mumewe mwaka uliofuata, mvua zilipoanza kupungua, "nataka kufinyanga chungu kimoja. Kikubwa. Ambacho hakijawahi kuonekana. Kikijazwa mpunga, mpunga wote naupeleka kanisani. Veronika atafute pa kuweka kikapu chake!"

"Safi kabisa!" akasema Hezroni. Hakuna alichopenda kama kelele za chungu kikubwa.

"Na hicho ni cha mwisho."

"Cha mwisho kwa mwaka huu?"

"Cha mwisho kabisa. Tukifika Ngonga tunaomba shamba. Tunahamia. Siwezi kila mwaka kumpelekea Mungu jasho la mtu mwingine. Na mimi nilime nipate changu."

Hezroni aliuachia wavu aliokuwa akiushona. Akatazama mikono ya mkewe, akatazama ziwa, akatazama mikono yake mwenyewe.

"Mimi nilime?" akauliza. "Mimi, Hezroni, na miguu hii?"

Lakini nadhiri ni nadhiri, na mke alikwisha kuitamka mbele za Mungu. Hezroni akauokota wavu wake. Usidhani alikubali, aliendelea kushona tu.

Basi ikaanza kazi. Loo, kazi ile! Udongo ulikandwa kwa miguu siku tatu. Chungu cha kawaida Tulinagwe alikuwa akikizungusha juu ya kigae. Hiki hakikuzungushika, ikabidi azunguke yeye, kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, ukuta ukipanda taratibu. Kila asubuhi aliongeza upana wa viganja viwili, halafu alisubiri ukaze. Kilipofika kiunoni wanawake wa ufukweni waliacha kazi zao wakaja kukaa tu na kutazama. Kilipofika kifuani walianza kumwomba aache. "Kitakuangukia, mwana wa watu!" Akapanda juu ya jiwe, akaendelea. Akakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa, akakipaka udongo mwekundu, akakichora mistari myeupe shingoni. Mikono ya mtu mzima ilikuwa haifiki nusu ya tumbo lake.

Siku ya kukichoma, ufuko mzima ulikuja. Walirundika kuni, majani makavu ya migomba na nyasi mpaka chungu kikapotea machoni. Kabla ya kuwasha, Tulinagwe alikigonga kwa ukucha. Watu wakanyamaza hata mawimbi yakasikika. Akasikiliza huku, akazunguka, akasikiliza kule.

"Hiki hapana," akasema. "Washeni!"

Moto ukapanda. Ndani kitu kikalia taa! na wanawake wakashika vichwa, kumbe ni kuni. Moto ukashuka, majivu yakafagiliwa, na tazama: chungu kimesimama, chekundu pyu, hakina hata ufa wa unywele! Vigelegele vilivyopigwa pale viliwashtua mpaka watu wa meli ya Mdachi iliyokuwa ikipita mbali. Walionekana wakielekeza mkono huku.

Mtumbwi mmoja haukukitosha. Hezroni akaazima wa pili, akaifunga pamoja kwa miti minne, chungu kikawekwa katikati juu ya kitanda cha majani. Yeye akakaa mtumbwi wa kulia, mkewe, mtoto mgongoni, akakaa wa kushoto. Matata yakaanza papo hapo, kwani Hezroni akivuta kwa nguvu, chombo kizima kinazunguka kushoto. Mkewe akijibu, kinarudi kulia.

"Mama Anyitike, vuta kama Mkristo!"

"Wewe ndiye unavuta kama unakimbia jembe!"

Na ilikuwa kweli. Walipolipita bonde la Matema, mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ukaamka. Wimbi la kwanza likawalowanisha, la pili likaingia ndani, la tatu likakiinua chungu kutoka kwenye kitanda chake kikaegemea upande wa Hezroni. Kamba moja ikakatika.

"Tukitupe!" akapiga kelele Hezroni. "Mke wangu, tukitupe, tutakufa sisi na mtoto!"

Tulinagwe alivuka ule mti wa kufungia kwa magoti, akakikumbatia chungu kwa mikono yote miwili, akaweka miguu yake kwenye ubavu wa mtumbwi, akakisukuma kikarudi wima. Mtoto mgongoni alikuwa akicheka kwa sauti, anaona ni mchezo. Hezroni alipoona hivyo alipandisha kasia, akakata mawimbi kwa pembe, akipiga mayowe ya furaha na ya hofu pamoja, mpaka wakaparamia mchanga wa Mwaya, wote wazima. Akambusu mtoto, akakibusu na chungu. Pale ufukweni wakapata wanaume wawili wa kusaidia kubeba kwa mti na kamba, malipo yao kichungu kimoja kimoja cha mboga, wakakifikisha Ngonga Jumamosi jua likiwa bado juu.

Walikwenda kwa Nsajigwa, mzee wa kanisa na mkulima wa mpunga, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mnunuzi wao.

"Ugonile, baba!" Hezroni akasalimu, akijifuta jasho kwa madaha. "Leo tumekuletea chungu!"

Nsajigwa akatoka, akakitazama kutoka chini kwenda juu. Akakizunguka. Akakigonga, kikalia vizuri mno. Macho yake yakajaa mapenzi. Kisha akachungulia ndani, na mapenzi yakamwisha.

"Nani atakijaza hiki?" akauliza.

"Wewe, baba!"

"Mimi? Wanangu, nikikijaza hiki, watoto wangu watakula chungu!"

Aibu gani hiyo! Mnaona walipokosea? Bei ya chungu ni ujazo wake. Basi Tulinagwe alipokuwa akikikuza, kiganja baada ya kiganja, alikuwa akiwaza mpunga tu. Hakuwaza hata mara moja kwamba kuna mtu atakayetakiwa kuumimina. Walikipeleka nyumba ya pili. "Tamaa mbele, mauti nyuma," akasema mwenye nyumba, na akaingia ndani. Nyumba ya tatu mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. "Tukate nusu," Hezroni alipendekeza kwa wa nne, "ujaze mpaka tumboni." Lakini wa nne alikuwa mtu wa desturi: chungu kinajazwa mpaka ukingoni, au hakinunuliwi. Mpaka alasiri walikuwa wamezunguka Ngonga yote, na chungu kilikuwa na kitu kimoja tu ndani, nacho ni upepo.

Tulinagwe akakaa kwenye kibaraza cha Nsajigwa akalia. Hakulia kwa sauti. Alilia machozi ya mtu aliyechoka kuanzia mabegani.

"Mwaka wa pili," akasema. "Mwaka wa pili naenda mbele za Mungu mikono mitupu. Baba, nipe shamba. Nipe hata kipande. Sitaki tena kusikia habari ya udongo."

Nsajigwa alikuwa mtu mwema, akaona huruma. "Kipo kipande kando ya mto," akasema. "Jumatatu nitakuonyesha. Kitakuwa chako."

"Ndaga fijo, baba," akashukuru Tulinagwe. Hezroni alikwenda nyuma ya nyumba kutazama migomba, akakaa huko muda mrefu.

Jumapili ikafika. Kanisa la Ngonga lilikuwa la mianzi na paa la nyasi, na nyasi zilikuwa zimechoka, lakini wakati wa kiangazi nani anajali? Mikeka ilikuwa imetandikwa mbele. Mwalimu Zebedayo, mwinjilisti wa pale, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alisimama kando. Utaratibu ulikuwa hivi: kila mtu akiweka zao lake anasema, "Bwana, ulinipa, nimeleta." Mikungu ya ndizi ikaja, maboga yakaja, mpunga ukaja kikapu baada ya kikapu, ukamwagwa mikekani mpaka ukawa kilima. Veronika akamwaga wake. "Bwana, ulinipa, nimeleta!" akasema kwa sauti ya kusikika Ngana. Tulinagwe alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, uso ameuinamisha.

Na hapo, bila kupiga hodi, ikaja mvua. Mnaijua mvua ya huku kwetu Kyela; haina kiangazi wala heshima. Tone moja likadondoka kwenye mpunga. Likafuata la pili. Kisha paa likakubali kushindwa, na maji yakaanza kushuka kanisani kama nje.

"Mpunga!" watu wakapiga kelele. "Mpunga unalowa!"

Na mpunga ukilowa hivyo unachipua kabla hujaufikisha popote, unaoza, na ndio uliokuwa umetengwa kwa ajili ya wajane na wagonjwa kwa mwaka mzima. Wengine wakautupia nguo zao juu, wengine wakachota kwa vikapu, lakini kikapu kinavuja kama paa. Veronika alilala kifudifudi juu ya kilima cha mpunga, mikono ameitanua, akipokea maji mgongoni. Mwalimu Zebedayo alikuwa akiruka huku na huku. "Chombo! Nani ana chombo? Chombo kikubwa!"

Nsajigwa akashika kichwa. "Kipo!" akanguruma. "Kipo barazani kwangu! Chungu cha Mkisi!"

Hezroni alikuwa amekwisha kutoka nje. Walikimbia wanaume sita, wakakiinua kwa mti, wakateleza, wakainuka, wakakiingiza kwa kuvunja mianzi miwili ya mlango, na hakuna aliyeuliza habari ya mianzi. Chungu kikasimamishwa mbele, mahali pasipovuja sana. Ungo ukashikwa juu yake. Watu wakaanza kumimina, wa Ngonga, wa Ngana, wa Ndandalo, kwa vikapu, kwa vibuyu, kwa viganja.

"Haba na haba!" akaita mmoja.

"Hujaza kibaba!" wakaitika wote, wakicheka sasa, wamelowa chapachapa, hofu imegeuka sherehe. Mpunga ukapanda ukafika tumboni, ukafika mabegani, ukafika shingoni. Watoto walikuwa wakiokota punje moja moja sakafuni. Veronika akaleta kiganja cha mwisho, akakimwaga taratibu, na mpunga ukafika ukingoni sawasawa, kama uliopimwa.

Hezroni alikuwa amesimama pale pale kando ya chungu. Miaka ishirini ya kazi ufukweni si mchezo; mkono wake ukaenda wenyewe. Akapiga ukingo kwa kiganja, paa! na kwa sauti yake yote akapaza:

"Kimejaa! Chungu chako, nafaka yangu!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Ilisikika mvua tu.

Hezroni akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kila mtu pale alikuwa amekwisha kununua chungu maishani mwake, na kila mtu alijua neno hilo halirudishwi. Mwalimu Zebedayo akamtazama Nsajigwa. Nsajigwa akakuna kidevu.

"Amesema," Nsajigwa akasema pole pole. "Sisi tumekijaza, mbele ya macho yetu wenyewe. Chungu ni chetu, cha kanisa. Na mpunga wote huu..." akautazama mara ya mwisho, "mpunga wote huu ni wa mama Anyitike."

Minong'ono ikazuka. Mavuno ya shukrani ya vijiji vitatu, ya mwanamke mmoja! Lakini hakuna aliyethubutu kusema desturi si desturi. Veronika alikuwa amefungua kinywa, kisha akakifunga, na hilo lilikuwa halijawahi kuonekana. Wote wakageuka kutazama mlangoni.

Tulinagwe akasimama. Mtoto alikuwa mgongoni. Alipita katikati ya watu mpaka mbele. Moyo ulimdunda kwa furaha: hii hapa, nadhiri yake hii hapa, mpunga mwingi kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kusimama mahali hapo! Akazamisha mkono ndani ya mpunga mpaka kiwiko.

"Bwana," akaanza, "ulini..."

Neno likakwama. Ulinipa? Mpunga huu alipewa yeye? Alipewa Veronika, ambaye mgongo ulimwuma kwa kuinama. Alipewa Nsajigwa. Mungu alijua alimpa nani nini, tena alijua vizuri kuliko yeye! Ikamwingia kama maji baridi: tangu jana, tangu mwaka jana, alikuwa anahangaika na mawimbi na mtoto mgongoni ili aje amdanganye Mungu kwa kitu alichompa mwingine. Na kile alichompa yeye, tangu alipokuwa hajang'oa meno, alitaka kukiacha ufukweni kife.

Akautoa mkono kwenye mpunga. Akaweka viganja vyote viwili juu ya tumbo la chungu, pale palipokuwa laini kwa kokoto yake mwenyewe.

"Bwana, ulinipa mikono hii," akasema, na sauti yake haikuficha machozi. "Nimeleta."

Kisha akawageukia watu. "Na mpunga, ndugu zangu, ni wenu. Mwambieni Mungu wenyewe mmeuleta."

Yaliyofuata hayaelezeki! Watu walipiga makofi, walipiga vigelegele, wakaimba bila mtu kuanzisha. Veronika alimkumbatia akamlowanisha upya. "Dada, ulimi wangu ule," akasema, "uusamehe." Mwalimu Zebedayo alikuwa ameshika karatasi yake ya mahubiri, imelowa mpaka haisomeki. "Nilitayarisha wiki nzima," akawaambia, akicheka na kufuta macho, "habari za mtumwa yule aliyechimba shimo akafukia alichopewa. Sasa niongeze nini? Nendeni mkaezeke paa!"

Tulinagwe alicheka na kulia na kila mtu siku ile, lakini habari za shamba hakuzitaja. Hezroni alimvizia usoni tangu kanisani mpaka chakula cha jioni, akaogopa kuuliza.

Jumatatu asubuhi Nsajigwa, mtu wa neno lake, alichukua jembe akawatangulia hadi kando ya mto. Hezroni alifuata nyuma, amevaa kanzu yake pekee ya kanisani, anatembea kama mtu anayepelekwa bomani.

"Hapa, binti yangu," akasema Nsajigwa, akionyesha kwa mpini. "Kuanzia matete yale mpaka kwenye mgomba. Mpunga wa hapa unakuja mpaka kifuani. Jembe hili hapa, lifungue shamba mwenyewe."

Tulinagwe hakupokea jembe. Aliingia shambani, akachutama, akachimba kwa vidole akatoa donge jeusi. Akalionja kwa ncha ya ulimi, hakusikia mchanga. Akaliviringisha kati ya viganja likawa uzi mrefu, akauzungusha uzi ule kwenye kidole chake kama pete, akautazama karibu, pande zote.

"Haukatiki," akasema kwa sauti ndogo.

"Nini hakikatiki?" akauliza Nsajigwa.

Tulinagwe akainua uso, na uso wenyewe uling'aa. "Baba, umenifadhili, nami sitasahau. Shamba hili mpe mtu anayejua kulima. Mimi nipe vikapu viwili tu."

"Vikapu viwili vya mpunga?"

"Vya udongo, baba."

Nsajigwa akabaki na jembe mkononi. Nyuma yao kikasikika kishindo. Hezroni alikuwa amekwisha kupiga magoti matopeni na kanzu yake, anachimba kwa mikono yote miwili, anacheka na machozi yanamtoka, madonge yanaruka huku na huku.

"Polepole, baba Anyitike," Tulinagwe akamwambia. "Usichanganye na majani."